Mita Ishirini na Sita za Gahororo

Kosa la kilima cha Gahororo lilitugharimu lita kumi na mbili za petroli, jozi moja ya viatu vyangu vipya, mwavuli wa mwenzangu Zakaria, na siku nzima ambayo ofisi haikuwa imetupa. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza niliusahau mwavuli, nikaona nirudie kabla Zakaria hajasoma.

Ninyi vijana wa ofisi ya Gitega mliniomba, siku ile ya soda na hotuba za kuniaga, niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya kupima ardhi. Vyeo sitaviandika, nilivyopewa vilikuwa vichache, na nilivyostahili vilikuwa vichache zaidi. Mshahara nao tuuache ulale, maana ukiamshwa utalia. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa kazi, halafu nitaandika siku moja. Siku hiyo moja inatosha. Mkiielewa, mtakuwa mmenielewa mimi na vifaa vyangu vyote.

Baba yangu aliuza vitambaa sokoni Gitega. Alipima kitambaa mbele ya mteja, kisha mteja akiondoka alikipima kilichobaki, aone kama mkono wake haukumdanganya. Kwake nilijifunza mambo mawili: kuhesabu mara mbili, na kutokubali bei ya kwanza hata ukipewa bure. La kwanza lilinisaidia sana ofisini. La pili karibu liniponze.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mire, ule ubao mrefu wenye mistari myekundu na myeusi, nikapelekwa Mwakiro na Mzee Anselmi, aliyekuwa mkubwa wa vifaa. Yeye alichungulia kwenye darubini upande wa pili wa bonde. Mimi nilisimama katikati ya shamba la maharage tangu asubuhi, nimeushika ubao, nisitikisike. Mwanamke mmoja alipita akielekea mtoni akanitazama tu. Aliporudi akanisalimia, akasema, "Samahani, nilidhani we ni wa kufukuza ndege."

Jioni tulihesabu. Tulipopima kwenda tulipata kimo kimoja, tulipopima kurudi tukapata kingine, kimezidi sentimita kumi. Nikamwambia Mzee, kwa moyo safi kabisa, "Basi tugawane. Toa tano huku, ongeza tano kule."

Mzee Anselmi akaiweka penseli chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"We ni mtoto wa sokoni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sokoni bei inatoka mdomoni. Hapa inatoka kwenye ardhi. Kimo hakina bei. Kesho unarudi kwenye shamba la maharage."

Nikarudi. Yule mwanamke alipita tena, na safari hii alinisalimia kwenda na kurudi.

Mzee alikuwa na sheria moja tu nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka mwishike: *rudi kwenye jiwe.* Jiwe, kwa wasiojua, ni ile nguzo fupi ya saruji iliyozikwa ardhini, ambayo kimo chake kinajulikana na kimeandikwa ofisini. Unaanzia kwenye jiwe, unapanda vilima vyako, halafu jioni unarudi kwenye jiwe lile lile na kulisoma tena. Likikupa namba ile ile ya asubuhi, safari yako imefungwa. Likikupa namba nyingine, kuna mtu au kitu kimedanganya njiani, na huli mpaka umjue. Tuliita kazi hiyo kufunga.

Vita vikaja. Sitasimulia vita, kila mmoja wenu ana vya kwao. Nitasema tu kwamba vifaa vizuri vilifungiwa kabatini. Darubini juu ya miguu yake mitatu, ukiiona kwa mbali juu ya kilima, inafanana na kitu kingine, na wakati ule watu hawakukaribia kuuliza. Tukabaki na barometa. Hiyo ni kama saa kubwa ya mfukoni, inakaa ndani ya kisanduku cha ngozi, nayo inapima uzito wa hewa. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, mshale unasogea, unasoma kimo. Haina miguu, haichunguliwi, na mtu akiiona anadhani unatazama saa. Kwa vita, kifaa kizuri. Ina kilema kimoja tu: haijui kama ni wewe uliyepanda au ni hewa iliyoshuka.

Miaka hiyo ndipo Zakaria alipokuja. Alikuwa mchoraji wa ramani kutoka Uvira, mtu mrefu, mwimbaji wa kwaya, mwenye mwavuli mweusi hata kiangazi. Alikuwa amekimbia vita vya kwao akaingia kwenye vita vyetu. Nilimuuliza alihesabu vipi.

"Nilihesabu haraka," akasema.

Alipanga chumba Musinzira, ukuta mmoja na kwangu. Mwezi wa Ramadhani alifuturu kwetu kila siku, ingawa mchana alikuwa amekula vizuri. Mke wangu akamuuliza kama haoni haya. Akamjibu, "Shemeji, Yusufu anafunga tumbo, mi nafunga vipimo. Sisi wote ni wafungaji." Akaongezewa uji.

Zakaria alikuwa na tabia iliyonikera miaka yote. Aliandika kila kitu. Kijitabu cha vipimo tulikiita karne, kwa Kifaransa cha ofisini, ingawa mikononi mwake hakikudumu hata miezi miwili. Aliandika kimo cha jiwe, cha kilima, cha njia panda, cha kibanda tulikonunua ndizi. Nilimwambia, "Zaka, we utaandika hata pale tulipokojoa." Akafungua karne akanionyesha. Alikuwa ameshaandika.

Basi, siku yenyewe.

Vita vilikuwa vimeanza kuchoka lakini havijalala. Upande wa Muyinga watu walikuwa wanarudi kutoka kambi za Tanzania. Mradi mmoja wa maji ukaomba ofisi yetu ipime vilima viwili vya Butihinda, Murambi na Gahororo. Ilikuwepo chemchemi nzuri kwenye mteremko wa juu, na mradi ulikuwa na mabomba ya kutosha tangi moja. Tangi lingewekwa kileleni, kilima kimoja tu, maji yateremke yenyewe bila mashine. Mhandisi wa mradi alitupa sharti moja: kilele kiwe chini ya chemchemi kwa mita kumi na tano au zaidi. Zikipungua, maji hayafiki. Kama vilima vyote viwili vitafaa, tangi litakwenda Gahororo, kwa sababu Murambi tayari walikuwa na kisima chenye pampu, na Gahororo hawakuwa na kitu. Namba alizitaka Ijumaa. Jumamosi anapanda ndege, na hakuna aliyejua kama vita vitamruhusu kurudi.

Tulilala mjini Muyinga, tukaondoka Jumatano alfajiri na pikapu ya ofisi, mimi naendesha. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, vya ngozi, kutoka Bujumbura. Nilivinunua kwa theluthi ya bei waliyotaja, na muuzaji aliniambia nisirudi tena dukani kwake.

Njiani palikuwa na daraja, na kwenye daraja barieri ya askari: gogo, kamba, na kaporali mmoja mwenye macho ya usingizi. Tulisubiri mpaka ikafunguliwa, saa moja asubuhi.

"Iko nini ndani ya kisanduku?" akauliza kaporali.

"Barometa, shefu."

"Inalipuka?"

"Hapana. Inapima hewa."

"Hewa iko bure. Mnaipima ya nini?"

Zakaria akamfungulia, akamwonyesha mshale, akamwambia, "Hapa tuko mita elfu moja mia nne themanini na nane." Kaporali akafurahi kama mtu aliyepewa cheo. Akairudia namba ile mara tatu asiisahau. Kisha akasema, "Saa kumi nafunga. Saa kumi na dakika moja sijui mtu, hata mama yangu." Zakaria, kwa tabia yake, akaandika kimo cha barieri kwenye karne. Mi nikacheka.

Jiwe la Butihinda liko nyuma ya ofisi ya komini, ile ya serikali ya pale. Tukalisoma, tukakuta mshale uko sawasawa, hatukuugusa, tukaanza kupanda. Nilikuwa nimesahau jinsi asubuhi ya vilima ilivyo nzuri. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde na vilele vimetokeza juu yake, na Zakaria alikuwa anaimba sauti ya pili ya wimbo ambao sauti ya kwanza haikuwepo. Kwa saa mbili tatu tulikuwa watu wawili wanaotembea tu. Chemchemi tuliipata kwenye elfu moja mia sita hamsini na mbili. Murambi, tulipofika kabla ya mchana, ilisoma mia sita kumi na tisa. Chini ya chemchemi kwa mita thelathini na tatu: inafaa. Nikafurahi, maana nusu ya kazi ilikuwa imekwisha na viatu vilikuwa vimeanza kuniuma.

Gahororo tulifika saa tisa kasoro robo, kwa njia ndefu, kwa sababu njia fupi tuliambiwa tusiipite na hatukuuliza kwa nini. Kileleni palikuwa na nyumba thelathini na nane. Nilihesabu tena zikawa thelathini na tisa. Mtu mmoja alikuwa amemaliza kuezeka turubai nikiwa nahesabu. Wote walikuwa warejeaji. Aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, anaitwa Mama Hadija, Kiswahili chake cha Tanzania kimenyooka kama uzi. Kwetu huku tunasema "iko maji?" naye anasema "yapo maji?" Basi hapo hayakuwepo. Binti yake Hadija na wadogo zake waliteremka bondeni mara tatu kwa siku, na kurudi na madumu kichwani ilikuwa saa nzima ya kupanda.

"Kambini tulihesabiwa sana," akasema Mama Hadija akitutazama. "Wanahesabu vichwa, wanahesabu sahani. Leo mmekuja kuhesabu mlima?"

"Tunaupima, mama. Tuone kama maji yatafika."

Watu wakakusanyika. Zakaria akafungua kisanduku. Akasoma, akanionyesha kwa kidole, hakuitamka. Elfu moja mia sita hamsini na nne.

Nilitazama mara mbili. Kilima kilikuwa juu ya chemchemi.

Nikawaambia. Nilijaribu kusema polepole, lakini habari kama hiyo hata ukiitembeza polepole inafika. "Maji hayapandi, mama. Ninyi mko juu ya chemchemi."

"Kwa kiasi gani?"

"Mita mbili."

"Mita mbili tu!" Mama Hadija akanikazia macho kama mteja wa baba. "Bwana mpimaji, mita mbili si kitu. Tupunguzie."

Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. Nami, mtoto wa sokoni, nikamjibu kwa maneno ya Mzee Anselmi, tena kwa sauti ya Mzee Anselmi: "Kimo hakina bei, mama."

Wingu lilikuwa linakuja upande wa Tanzania. Nikachukua kopo la rangi nyekundu, nikaandika kwenye mwamba wa kileleni, kama ilivyo desturi: 1654.

"Usiandike bado," Zakaria akasema. "Hatujafunga."

"Mvua inakuja, Zaka. Mwamba ukilowa, rangi haitashika."

Rangi ikaniishia kwenye mguu wa ile nne. Tukateremka kwenye gari, na hapo ndipo nilipofanya kosa. Kurudi komini kwenye jiwe kulihitaji nusu saa kwa upande mmoja. Barieri ilikuwa upande mwingine.

"Tupitie jiwe," akasema Zakaria.

"Jiwe halikimbii. Barieri inafungwa."

"Mzee alisema turudi kwenye jiwe."

"Mzee alisema hivyo wakati wa amani. Unataka tulale nje ya barieri, kwenye gari, na kisanduku ambacho mtu akikiona anauliza kama kinalipuka?"

Akaingia garini. Mvua ikaanza. Naendesha, natazama saa, najisifu kwa kushinda mabishano. Tukafika darajani saa kumi kasoro dakika tatu, gogo limeshateremshwa nusu. Kaporali akatujia mbio chini ya mvua, akasimama dirishani.

"Ile saa yenu ya hewa," akasema. "Niwasomee. Elfu moja mia nne themanini na nane! Sikusahau."

"Vizuri, shefu," nikasema.

"Nionyeshe tena."

Zakaria akafungua kisanduku amfurahishe tu mtu wa watu. Akatazama. Akapangusa kioo kwa shati. Akatazama tena, kisha akafungua karne ukurasa wa asubuhi.

"Yusufu," akasema. "Daraja imepanda."

"Imepanda nini?"

"Mita thelathini na moja."

Kaporali akatazama daraja lake, akatazama mto, akatutazama sisi. "Nani ameipandisha? Mi nilikuwa hapa siku nzima!"

Daraja halikupanda, vijana wangu. Hewa ndiyo iliyoshuka, kama inavyoshuka kila siku ya Mungu baada ya adhuhuri, na zaidi mvua ikikaribia. Mzee Anselmi alitufundisha hilo wiki ya kwanza. Mshale ulikuwa ukipanda peke yake mchana kutwa, nasi tumekaa nao Gahororo tukiamini ni sisi tuliopanda. Lau tungepitia kwenye jiwe, jiwe lingetuambia. Ilibidi tuambiwe na barieri, na ni kwa sababu mtu mmoja anaandika hata vimo visivyo na maana.

Tuliegesha gari upande wa pili wa daraja. Mvua ilikuwa inapiga bati la pikapu, ikabidi tupige kelele.

"Sawa," nikasema. "Tupunguze. Toa thelathini na moja."

"Thelathini na moja ni hapa, sasa hivi, ndani ya mvua. Kule juu mvua ilikuwa haijafika. Labda ilikuwa ishirini. Labda kumi. Hatujui."

"Basi tugawane. Nusu: kumi na tano, na ile nusu ya mita nakuachia."

Nilisema hivyo kweli. Ningeweza kuwaficha, lakini Zakaria bado yuko hai. Yeye akafanya hesabu kwenye kioo cha dirisha kwa kidole, kwenye mvuke. Hamsini na nne toa kumi na tano, thelathini na tisa. Hamsini na mbili ya chemchemi toa thelathini na tisa, kumi na tatu.

"Kumi na tatu," akasema. "Mhandisi anataka kumi na tano. Nusu yako inawanyima maji, sawa na kosa lako. We umeuza maji ya watu kwa bei ya kati."

Nikaifuta hesabu yake kwenye kioo kwa kiganja.

"Na ule mama ulimwambia nini? Kimo hakina bei. Mi nilikuwa pale, nilisikia, nikajivuna kuwa rafiki yako." Halafu, kwa sababu ni Zakaria na hawezi kukasirika zaidi ya dakika nne, akaanza kucheka. "Muislamu gani we! Miaka yote nafuturu kwako, kumbe hujui kufunga!"

Nilicheka nisitake. Lakini nilikuwa namwona Mama Hadija pale kileleni, na lile neno lake, tupunguzie. Alikuwa na haki. Alikuwa anadai mita mbili, na sisi tulikuwa tumemwibia kumi na ngapi sijui.

Ofisi ilikuwa imetupa mafuta ya siku moja. Mjini Muyinga siku zile petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa, na mwenye chupa ndiye aliyekuwa waziri. Nilikwenda kwake kabla jua halijazama. Fedha zangu hakuzitaka. Alitazama miguu yangu. Nilishindana naye kwa karibu saa nzima, nikaanzia kiatu kimoja kwa lita ishirini, ambayo ilikuwa dharau na wote tulijua. Tukamalizia viatu viwili na mwavuli wa Zakaria kwa lita kumi na mbili. Mwavuli niliuongeza bila kumwuliza mwenyewe. Hilo ndilo deni la pekee la kazi yangu yote ambalo sijalilipa. Nimejaribu mara nyingi kumletea mwingine. Anasema alikuwa anautaka ule.

Alhamisi tulikuwa barieri kabla haijafunguliwa, mi nimevaa kandambili za Zakaria, visigino vyangu vimeelea hewani kwa sababu miguu yake ni midogo, jambo ambalo mtu mrefu kama yeye hakupenda lijulikane. Kaporali akauliza kama daraja limeshuka. Tukamwambia limeshuka. Akashukuru Mungu.

Jiwe. Chemchemi: mia sita hamsini na mbili, vile vile. Gahororo kwa ile njia fupi, tuliyoambiwa sasa iko wazi, na kwa mara nyingine hatukuuliza. Kileleni watu walituona wakarudi milangoni mwao; walidhani tumekuja kuchukua na kile kidogo kilichobaki. Zakaria akasoma. Akanipa kisanduku nisome. Nikasoma. Nikamrudishia, akasoma tena. Elfu moja mia sita ishirini na nane. Mita ishirini na nne chini ya chemchemi.

"Usiseme kitu," nikamwambia. "Hatujafunga."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema neno hilo kabla ya Zakaria. Tukateremka mbio, kandambili moja ikanikatikia, nikaishika mkononi. Saa nne na robo tulikuwa kwenye jiwe. Tofauti: mita moja, na kwa barometa hiyo inakubalika. Imefungwa. Na kwa kuwa mimi ni mimi, tukasoma mara ya pili. Imefungwa tena.

Tukapanda Gahororo kwa mara ya tatu ndani ya siku mbili, ili tu kuwaambia. Hiyo haikuwa kazi ya ofisi. Mama Hadija alikuwa mlangoni kwake.

"Mmepunguza?" akauliza.

"Mita ishirini na sita, mama."

Akakaa chini palepale. Halafu akasema, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, "Jana uliniambia hakina bei. Niliomba mbili tu." Akaingia ndani akatoka na ndizi mbivu, akampa Zakaria, si mimi.

Mhandisi alipata namba zake Ijumaa saa tano. Tangi lilijengwa Gahororo kiangazi kilichofuata. Mi nilitaka kufuta ile namba ya kwenye mwamba, lakini rangi ilikuwa imeisha, na baadaye ofisi ikanipeleka kwingine. Miaka ikapita jinsi inavyopita, bila kutuuliza.

Mzee Anselmi amezikwa Gitega. Zakaria alirudi Uvira, ana wajukuu, na bado anaimba sauti ya pili. Barometa mlinipa wenyewe siku ya soda na hotuba, mkidhani ni saa ya zamani. Mwezi uliopita, nikiwa sasa mtu asiye na barieri ya kuwahi, nilinunua kopo la rangi nyekundu na brashi ya waya, nikapanda gari kwenda Butihinda kumaliza kazi.

Nikamwambia kondakta nashuka Gahororo. Akasema hapajui.

"Kile kilima chenye tangi," nikasema.

"Ah! Hamsini na Nne. Si useme hivyo tangu mwanzo, mzee."

Kilima kinaitwa Hamsini na Nne, jamani. Kuna duka la Hamsini na Nne. Kuna timu ya mpira yenye hiyo namba mgongoni, wachezaji wote kumi na mmoja, namba moja. Nikapanda mpaka kileleni. Mwamba ule upo kando ya tangi, na namba yangu imepakwa upya mara nyingi, kwa mkono mzuri kuliko wangu, hata ule mguu wa nne niliouacha nusu umemaliziwa. Nilikuwa ndiyo kwanza natoa brashi nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe. Unafanya nini hapo?"

Mama Hadija amezeeka, anatembelea fimbo, na funguo za bomba ziko shingoni mwake. Alinikumbuka. Nikamweleza: namba ile ni kosa langu, kweli yake ni ishirini na nane, nimekuja kuisahihisha kabla sijafa.

"Yaani unataka kutushusha mita ishirini na sita?"

"Sishushi mlima, mama. Nashusha namba."

"Watoto wamezaliwa hapa wanajua ni Hamsini na Nne. Mimi nilifukuzwa kilima kimoja, nikakaa kambi yenye herufi badala ya jina, sasa nina mahali penye jina, na jina lenyewe umelileta wewe. Leo unaliondoa?" Akafikiri. Kisha akanitazama kwa lile jicho la mteja. "Haya. Tugawane. Toa kumi na tatu, tubaki na arobaini na moja."

"Mama, kimo hakina bei."

"Mwaka ule pia hakikuwa na bei," akasema, "na kesho yake ukarudi na bei nyingine."

Akakalia mwamba, juu ya namba yenyewe, akaweka fimbo magotini. Nilisubiri mpaka gari la mwisho likakaribia. Hakuinuka.

Nikampigia Zakaria. Anasema futa, jiwe ni jiwe, na nisimtaje mwavuli kubadili mazungumzo. Mke wangu anasema acha. Mi mwenyewe nimehesabu pande zote mbili, halafu nikahesabu tena, na kila mara zinatoka sawa, jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kupima halijawahi kunitokea.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaoshika vifaa sasa. Niende nikafute, au niache kilima kikae juu ya kweli yake kwa mita ishirini na sita, na maji yakiwa yanafika? Nijibuni upesi, kopo nimelifungua na rangi inaganda. Na mkishajibu, lisomeni swali upya, mnijibu mara ya pili.